Mama, mwacheni mdogo wangu aigize

Munich, Ujerumani

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mjomba, shangazi na wakubwa wote hapo nyumbani. Mimi huku sijambo, kazi inaendelea, na baridi imeanza kulegea ingawa asubuhi bado natoka na koti zito. Dawa zako za presha nimempa yule kijana wa Chumbageni anayerudi mwezi huu, pamoja na viatu vya watoto. Akifika tu mpigie, asije akakaa nazo.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, na nimeelewa kinachokukosesha usingizi. Mdogo wangu amejiunga na kikundi cha vichekesho, anavaa kanzu na kubandika ndevu, anaigiza mzee mkorofi wa mtaa, na mjomba amesema binti wa nyumba yetu hawezi kuwa kichekesho cha mji. Umeniuliza mimi nasemaje, kwa kuwa mimi ndiye dada yake mkubwa. Sikutaka kujibu kwa simu maana kwenye simu tunakatana maneno. Naomba barua hii isomwe sebuleni, mjomba akiwepo, na mdogo wangu asifukuzwe kwenda jikoni.

Ninalosema ni hili: mwacheni aigize. Na sisemi hivyo kwa kumpendelea. Nasema kwa sababu katika mji huu ninaoishi yupo mwanamke aliyefanya kazi hiyohiyo, akaifanya maisha yake yote, na habari zake nimezifuatilia kwa karibu mwaka mzima sasa. Jina lake la jukwaani ni Liesl Karlstadt. Alifariki zamani, 1960, lakini huku bado anatajwa.

Nilimjua kupitia kazi yangu. Pale nyumba ya wazee kuna bibi mmoja ninayemhudumia ambaye kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Siku nyingine mwanawe akija humuuliza, wewe ni nani. Lakini mtajie redio ya utotoni mwake uone. Anakaa wima kitandani, anaanza kuigiza sauti ya mama mmoja wa nyumbani anayegombeza mumewe na watoto, kwa lafudhi nzito ya Bavaria, jimbo ulipo mji huu, ambayo mimi mwanzoni sikuambulia kitu. Nikauliza wenzangu, huyu anamwigiza nani? Wakaniambia ni Mama Brandl, kwenye mchezo wa redio uliokuwa ukirushwa hapa Bavaria baada ya vita, habari za familia ya kawaida ya Munich. Aliyekuwa akitoa sauti hiyo ni Liesl Karlstadt. Fikiria, Mama, jina la mwanawe limempotea, sauti ya mchekeshaji imebaki.

Siku ya mapumziko nikaenda Viktualienmarkt, soko kubwa la katikati ya mji. Katikati ya vibanda vya jibini, mboga na maua kuna chemchemi za maji zenye sanamu. Nilidhani nitakuta wafalme au majemadari. La hasha. Ni wachekeshaji na waimbaji wa kienyeji wa mji huu: Karl Valentin, Weiß Ferdl, Roider Jackl, na wanawake watatu, Ida Schumacher, Elise Aulinger na Liesl Karlstadt. Sanamu ya Liesl iliwekwa 1961, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, na aliyeichonga ni Hans Osel. Watu wa sokoni huwawekea maua. Mjomba anaogopa mji utatucheka. Mji huu ulichekeshwa na binti wa watu, ukamjengea sanamu sokoni, mahali ambapo kila mama anapita na kikapu chake.

Na hakuwa mtoto wa wakubwa. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1892, akaitwa Elisabeth Wellano. Baba yake alikuwa mwoka mikate, nyumba ya watoto wengi na fedha kidogo. Alipotoka shule alifanya kazi ya kuuza dukani. Huo ndio ungekuwa mwisho wa habari yake, kama wasichana wengine wa wakati ule, ila alipenda sana waimbaji wa kienyeji. Munich ya siku zile ilikuwa imejaa vikundi vya namna hiyo. Walicheza kwenye kumbi za bia, wateja wanakula na kunywa, sahani zinagongana, mhudumu anapita mbele ya jukwaa na mabilauri mkononi, na wewe uimbe, uchekeshe, usikike. Mdogo wangu anaposema wanacheza kwenye kumbi za harusi watu wakiwa na pilau mbele yao, namwambia asione aibu. Shule yenyewe ndiyo hiyo.

Msichana akaacha duka, akaingia kwenye kikundi. Alikuwa mwimbaji wa kawaida, mwenye gauni zuri na nyimbo za mapenzi. Mwaka 1911, katika ukumbi mmoja uliokuwa ukiitwa Frankfurter Hof, akamwona Karl Valentin, mchekeshaji mrefu mwembamba aliyekuwa ameanza kupata jina. Valentin akamwambia waziwazi kwamba uimbaji ule wa kujipamba haumfai, kwamba yeye ana kipaji cha kuchekesha. Binti alikasirika, na mimi namwelewa; nani anataka kuambiwa hivyo akiwa na miaka kumi na minane? Kisha akajaribu wimbo wa kuwakejeli haohao waimbaji wa kujipamba, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Jina la Karlstadt alipewa na Valentin, kutokana na mchekeshaji mmoja wa zamani, Karl Maxstadt, ambaye Valentin alimhusudu sana.

Kuanzia hapo walicheza pamoja zaidi ya miaka ishirini na mitano. Inasemwa kwamba maigizo waliyoyaunda na kuyacheza yanakaribia 400. Walialikwa Berlin, Vienna, Zürich. Bertolt Brecht, yule mwandishi mkubwa wa tamthilia, alikuwa kijana bado alipowapenda, na 1923 akashiriki nao kutengeneza filamu fupi isiyo na sauti kuhusu kinyozi na vituko vya saluni yake. Sinema zao nyingi unaweza kuziona hata leo kwenye simu. Mimi huzitazama usiku nikitoka zamu.

Sasa nataka mjomba asikilize hapa. Liesl aliigiza wanaume. Aliigiza watoto wa kiume, askari, vibarua, wazee wenye vitambi na mashavu mekundu. Katika filamu fupi ya 1934, yeye ni mvulana aliyetoka kanisani kupata kipaimara, baba yake, ambaye ni Valentin, anampeleka kwenye hoteli ya watu wenye pesa kusherehekea, na wote wawili wanalewa wasijue waweke wapi miguu. Liesl alikuwa na miaka 41 wakati ule. Tazama anavyokaa kwenye kiti: magoti yamekutana, mikono haijui pa kukaa, shingo imetumbukia kwenye kola, macho yanafuata chupa ya baba. Huoni mwanamke mzima aliyevaa suruali kwa mzaha. Unamwona mtoto wa maskini aliyevalishwa suti siku moja kwa mwaka. Ilibidi awe amekaa akawatazama watoto wa namna hiyo kwa upendo mwingi ndipo aweze kufanya vile.

Suala la dini namwachia mjomba, yeye ndiye aliyesoma. Ninachoomba ni kwamba kabla hajahukumu, aende akamtazame mpwa wake akiigiza. Akiona amewadhalilisha wazee, amwambie. Akiona amewatazama wazee wa Tanga kwa makini kiasi cha kuwarudisha mbele yetu na kikohozi chao na kutafuta miwani iliyo puani mwao, basi ajue hiyo ni kazi ya heshima. Tanga hiyohiyo imemtoa marehemu King Majuto. Alipofariki 2018 mji mzima uliomboleza, na sikumsikia mtu akisema nyumba yao ilipata fedheha.

Nieleze sasa kwa nini nasema ni kazi, tena kazi ngumu. Kuna igizo lao la mazoezi ya okestra, lilirekodiwa filamu 1933. Liesl ni kiongozi wa okestra, mwanaume tena, fimbo mkononi. Valentin ni mpiga muziki. Kiongozi anataka kuanza, Valentin anasimamisha kila kitu kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu. Moja nililipenda ni hili. Valentin anasimulia kwa mshangao mkubwa kwamba alikuwa akitembea na mwenzake kwenye barabara moja kuu ya Munich, wakawa wanazungumzia habari za mtu wa baiskeli, na wakati uleule, kwa bahati ya ajabu, akapita mtu wa baiskeli! Kiongozi anamwambia hiyo si ajabu, barabara ile baiskeli zinapita kila dakika. Valentin hakubali. Anataka mwenzake aone ajabu hiyo. Kiongozi anarudi nyuma, anaeleza upya, anatoa mifano, anapandisha sauti, anaishusha, anajaribu kwa upole, na kila akieleza ndivyo anavyozidi kuzama. Hadi mwisho yeye mwenye akili timamu ndiye anayetokwa jasho.

Watu wakicheka wanamtazama Valentin. Hata mimi mara ya kwanza nilimtazama yeye. Lakini rudia, umtazame Liesl peke yake. Hasira ile haiji ghafla. Inapanda ngazi moja moja. Kila neno la Valentin analipokea kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza, wakati walikuwa wamelicheza miaka na miaka. Akichelewa nukta moja kujibu, mzaha unakufa. Akiwahi, unakufa pia. Na Valentin hakuwa mtu wa kufuata maandishi. Aliongeza, aliruka, alisahau, alichepuka, na Liesl ndiye aliyejua wapo wapi na watarudije njiani. Alimnong'oneza maneno pale alipokwama, na mtazamaji asijue. Nimefanya kazi wodini na watu wa namna hizi mbili, yule anayeonekana na yule anayeshika mambo yasianguke, na najua ni nani akikosekana siku moja kila kitu kinasimama.

Nje ya jukwaa ndiyo usiseme. Valentin alikuwa mtu wa hofu. Alikuwa na pumu, aliogopa magonjwa, aliogopa safari, treni kwake ilikuwa jambo la kifo. Ili wafike Berlin, Liesl ndiye aliyembembeleza. Maigizo yao mengi yalizaliwa jukwaani, wakitupiana maneno usiku baada ya usiku, na Liesl ndiye aliyekaa baadaye akayaandika. Lakini kwenye vitabu na mabango jina lililotangulia, mara nyingi likawa peke yake, ni la Valentin. Yapo makumbusho yao katika mnara wa lango la kale la mji, Isartor. Yalifunguliwa 1959 kwa jina la Valentin; la Karlstadt likaongezwa miaka mingi baadaye. Nilikwenda. Ni mahali pa vituko, Mama, ungecheka mpaka ukae chini: milango hufunguliwa saa tano na dakika moja, kiingilio kilikuwa senti 299, na mzee wa miaka 99 akija ameongozana na wazazi wake anaingia bure. Kuna kijiti cha kuchokolea meno kilichovishwa manyoya kisipate baridi. Ila mimi nilisimama muda mrefu kwenye picha za Liesl. Zimepangwa nyingi, na kila moja mtu mwingine: muuza duka, bibi harusi, mpiga tarumbeta, mtoto, askari. Ukiambiwa wote ni mtu mmoja huamini mpaka ukague macho.

Mdogo wangu, sehemu hii ni yako, na Mama nisamehe kama itakuwa nzito.

Liesl na Valentin hawakuwa washirika wa jukwaani tu. Walipendana, na Valentin alikuwa na mke na watoto wawili wa kike. Miaka yote hiyo Liesl alibaki katikati, si mke, si mgeni, na kazi yake yote imefungwa kwa mtu mmoja. Mwaka 1934 Valentin akapata wazo la kufungua jumba la maonyesho ya vioja na vitisho, akaliita Panoptikum. Liesl akatoa akiba yake, ile aliyoikusanya kwa miaka ya kazi, akaiweka humo. Watu hawakuja. Jumba likafungwa, fedha ikapotea yote. Mwezi Aprili 1935 alijaribu kujitoa uhai. Aliokolewa, akalazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na kwa miaka kadhaa akawa anaingia na kutoka.

Mimi ni muuguzi, nawaona wagonjwa wa sonona kila wiki, na sitaki mtu yeyote hapo sebuleni aseme alikuwa na mapepo au kwamba ni malipo ya kucheka sana. Alikuwa amechoka, ameumia moyoni, amefilisika, na hana mahali pa kujiegemeza ambapo si palepale palipomwumiza. Huo ni ugonjwa na unatibika, naye alitibiwa. Hata kati ya matibabu aliendelea kupanda jukwaani na Valentin mara mojamoja, hadi Valentin akatafuta mwenzake mwingine kijana.

Kilichofuata ndicho kilichonishangaza zaidi katika habari zake zote. Wakati wa vita, 1941, alikwenda milimani Tyrol, mahali panapoitwa Ehrwalder Alm, apumzike. Huko walikuwapo askari wa milimani na nyumbu wao wa kubebea mizigo, wale wazaliwa wa punda na farasi. Liesl akaanza kuwasaidia kulisha nyumbu. Akawazoea nao wakamzoea. Akavaa sare ya askari, akakata shauri kubaki, na kwa muda hadi 1943 akaishi pale kama mmoja wao, wakimwita Gustav. Mwanamke aliyeigiza askari jukwaani miaka ishirini akawa mchunga nyumbu wa kweli, anaamka alfajiri, anasugua mnyama mgongoni, anapanda naye mlima kwenye theluji. Sare ile ilikuwa ya jeshi la Hitler, na jambo hilo silipambi wala silifichi. Ndiyo nchi na ndiyo miaka aliyoishi. Ila nikizitazama picha zake za kule mlimani, kamshika nyumbu hatamu, uso umekauka kwa jua, naona mtu aliyepona. Alipata mahali ambapo hakuna aliyemtaka achekeshe, na mnyama alihitaji tu mkono wa mtu mtulivu.

Vita vilipokwisha alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Mji umebomoka kwa mabomu, Valentin ni mgonjwa na amesahauliwa nusu. Walicheza tena pamoja kwa muda mfupi, mara ya mwisho Januari 1948, na Valentin akafariki tarehe 9 Februari mwaka huohuo. Kila mtu angedhani Liesl naye amekwisha, maana kwa miaka yote walimwita mwenza wa Valentin. Badala yake ndipo kazi yake mwenyewe ilipoanza. Aliigiza tamthilia kwenye majumba makubwa ya Munich, Kammerspiele na Residenztheater, nafasi za wanawake wazima, vijakazi, mama wa vijijini, wajane. Akacheza filamu. Akawa Mama Brandl wa redioni ambaye bibi yangu wa nyumba ya wazee hajamsahau. Tarehe 3 Novemba 1956, tangazo la kwanza la biashara kwenye televisheni ya Ujerumani lilipoonyeshwa, lilikuwa la sabuni ya unga ya Persil, mtu na kitambaa cha meza alichokichafua kwa chakula, na waliokuwamo ni Liesl Karlstadt na Beppo Brem. Walitafutwa watu ambao kila nyumba ingewaamini mara moja. Shangazi, wewe uliyeuza sabuni Ngamiani unajua jinsi ilivyo vigumu kupata uso wa namna hiyo.

Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri. Ujuzi ule wa kumsikiliza mwenzako, wa kumpokea neno na kumrudishia kwa wakati wake, hakuuacha kwa Valentin alipomzika. Ulikuwa wake toka mwanzo. Jukwaa la bia, filamu bila sauti, filamu yenye sauti, tamthilia, redio, televisheni, kote aliingia nao. Alifariki tarehe 27 Julai 1960 akiwa Garmisch-Partenkirchen kwa mapumziko, na amezikwa hapa Munich, Bogenhausen, kwenye makaburi madogo ya kanisa. Nimekwenda kumsalimia. Kaburi la kawaida, limetunzwa.

Mama, najua hofu yako haiko kwenye ndevu za kubandika. Unaogopa mwanao atatumiwa, atazunguka usiku na watu usiowajua, atarudi mikono mitupu umri umekwenda. Hofu hiyo ni ya haki, na habari ya Liesl inaonyesha kwamba si ya kubuni. Lakini dawa yake si kumfungia. Akifungiwa ataigiza kwa siri, na siri ndiyo itakayomweka mikononi mwa watu wabaya. Wewe mpe ruhusa waziwazi, na yule kiongozi wa kikundi aje nyumbani, anywe chai, aongee na mjomba uso kwa uso. Aseme mazoezi ni saa ngapi, nani anawarudisha usiku, na kila onyesho binti anapata kiasi gani. Akiona uzito kujibu, tutajua.

Na wewe mdogo wangu, kile kichekesho cha mzee na bodaboda ulichonitumia kwenye simu ni chako, nilikuwa naisikia sauti yako ndani ya kila neno. Kiandike. Nunua daftari zito, si lile la shule, uandike kila igizo unalolibuni, tarehe, mahali mlipolicheza, nani alikuwapo, na watu walicheka wapi. Jina lako liwe juu ya ukurasa. Mkitaka kurekodi na kuweka kwenye mtandao, msaini karatasi kwanza nani anamiliki nini, hata kama ni karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Mjomba anajua mambo ya mikataba, mwombe akusomee. Fedha yako iingie kwenye simu yako, si ya kiongozi. Na akiba yako usiitoe kuendeshea ndoto ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ana kipaji cha kutisha, hata kama unampenda. Ukihisi usingizi umekukimbia wiki nzima na huna hamu ya kula wala kuongea, usisubiri onyesho liishe, nipigie mimi saa yoyote. Zamu yangu isikutie wasiwasi.

Tena jifunze na mengine. Liesl alipiga ala kadhaa za muziki. Wewe taarabu umekua nayo masikioni, hebu mwendee yule mzee wa kinanda wa mtaa wa pili umwombe akufundishe. Redio za hapo Tanga nazo zinahitaji sauti za maigizo na matangazo, pita ukaulize.

Mjomba, nakuheshimu, wewe ndiye uliyetulea baba alipoondoka. Sikuandika haya kukushinda. Nimeomba ndugu zangu wanirekodie onyesho la Ijumaa ijayo kule ukumbini, na nimelipia kiti chako mstari wa mbele pamoja na cha Mama. Ukienda, ukatoka hapo bado unasema hapana, nitakusikiliza.

Pamoja na barua hii natuma fedha kidogo kwa njia ya kawaida. Nusu ni ya umeme na unga, nusu ni ya daftari na nauli ya mazoezi. Nitapiga simu Jumapili baada ya adhuhuri ya huko, nataka nimsikie kila mmoja.

Wasalaam,
Binti yako wa kwanza